Tupeane uzoefu: uliyewahi kujitolea kuhudumia familia za wakimbizi, ulikuta nini?

Wadau wa Kusini, salaam. Kanisani kwetu hapa Masasi tunaandaa safari ya umisheni kwenda kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Vijana wengi wamejiandikisha bila kujua wanakwenda kukuta nini. Kambi ile ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na 2015 Warundi wakamiminika. Wapo waliozaliwa mle ndani na sasa nao wana watoto. Masasi jambo hili tunalijua: misheni ya hapa ilianzishwa 1876 na Askofu Steere pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Lakini kijana wa leo atabisha vipi hodi kwa mtu aliyekimbia kwao? Waliowahi kwenda waseme. Naanza mimi.

Nilikwenda na akina mama wenzangu kufundisha ushonaji. Kilichoniingia moyoni ni siku ya mgao. Familia kadhaa zinapokea kwa pamoja, kisha zinakaa chini kugawana unga, maharage, mafuta na chumvi. Mama mmoja wa Kirundi alipima maharage kwa kopo, akasawazisha kwa kiganja, yaliyomwagika akayaokota punje kwa punje mchangani, mpaka ya mwisho. Hakuna aliyemcheka wala kumharakisha. Mgao umepunguzwa mara kadhaa kwa sababu michango ya wafadhili haitoshi, kwa hiyo punje zile ni chakula cha mtoto. Nilipomuuliza anahitaji nini, alitaja uzi mweusi na sindano za cherehani. Alikuwa na wateja tayari! Tangu siku ile nasema: uliza kwanza, ndipo ufunge mizigo.

*Kutoka Mtwara Vijijini, kandokando ya Ruvuma:*
Dada, sisi hatukusafiri kwenda kwa wakimbizi, walitufuata. Mji wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, uliposhambuliwa Machi 2021, watu walivuka mto kwa mitumbwi. Wengi ni Wamakonde wenzetu, unamsalimia mtu mkianza kutajana koo mnakuta ni shemeji. Kaya yetu ilimpokea mama aliyekuja na watoto watano, wawili si wake, aliwakuta njiani wanalia. Mke wangu aliwapikia ugali wa muhogo na kisamvu. Wale wawili hawakula mpaka yule mama alipowalisha kwa mkono wake. Hatukuwauliza waliona nini. Baadaye watu wengi walirudishwa Msumbiji kupitia mpaka wa Negomano, na wale wageni wetu sijui waliishia wapi. Mke wangu bado anawataja kwenye dua.

*Kutoka Lindi, mzaliwa wa Rutamba:*
Shikamooni wakubwa. Vijana waambieni kuwa kupokea wakimbizi huku kwetu hakukuanza jana. Vita vya ukombozi wa Msumbiji miaka ya 1960 vilijaza watu Rutamba. Marehemu baba alikuwa akituhadithia: mkimbizi alipewa eneo, akapewa jembe, akafyeka na kupanda. Misimu michache tu anakula jasho lake, na jirani anakuja kwake kuomba mbegu. Walipopata uhuru 1975, wengi walirejea kwao. Leo aliye kambini hatoki bila kibali, hana shamba la maana, anasubiri mgao. Mimi hili linaniuma kuliko njaa yenyewe. Mtu mwenye mikono yake miwili amekalishwa! Kwa hiyo hao wa ushonaji nawaunga mkono kabisa.

*Kutoka Ndanda, muuguzi:*
Nimejitolea kambini upande wa afya. Mambo mawili tu. Simu zikae mfukoni, maana picha ya mtu aliyekimbia inaweza kumfikia yule aliyemkimbiza. Pili, taulo za kike. Kila kundi linaleta nguo za mitumba, na wasichana wanabaki bila kitu cha kujisitiri kila mwezi, wanakosa shule.

*Kutoka Newala:*
Samahani, na kwetu je? Kuna watoto hapa wanakwenda shule bila viatu. Kwa nini nauli yote hiyo mpaka Kigoma?

*Mimi tena:*
Kaka wa Newala, swali lako ni la haki. Mtoto wa Newala asaidiwe, na kanisa letu linafanya hivyo kila baada ya mauzo ya korosho. Lakini mtoto huyo ana mjomba, ana shamba la babu, anaweza kwenda Mtwara mjini kutafuta kibarua. Aliye kambini njia zote hizo zimefungwa. Ndiyo maana tunakwenda.

Muuguzi, ahsante, taulo za kike tumeziweka juu kabisa ya orodha. Wanaojiandikisha wajue pia kwamba huingii kambini bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa hiyo majina na nakala za vitambulisho tunakusanya mapema. Mwenye uzi, sindano au cherehani ya mkono inayofanya kazi alete kanisani Jumapili baada ya ibada. Na kama yupo hapa anayeongea Kirundi vizuri, tafadhali ajitokeze, tunamhitaji kuliko fundi.