Nimejiangusha nikapewa penalti, sasa silali. Ushauri wenu

Winga_Kushoto: Wakuu, salaam. Nacheza ligi ya wanawake. Nusu fainali, dakika ya 88, nilijiangusha ndani ya boksi, refa akaweka tuta, tukashinda. Nafsi inanisuta. Nimtafute yule beki au nikaushe?

Mzee_wa_Benchi: Mwanangu, enzi zetu ukijiangusha beki anakuinua kwa sikio. Mimi nilivunjwa kifundo cha mguu kweli kweli, refa akasema nimeteleza! Mpaka leo mvua ikikaribia najua kabla ya redio.

Dada_Nidhamu: Tulikuwa tunajisifu wanawake tunacheza mpira safi. Mmeona wanaume wanabiringika, nanyi mkaiga.

Kapeto: Safi ya wapi, dada? Kombe la Dunia la wanawake 2011, beki wa Guinea ya Ikweta alidaka mpira kwa mikono miwili ndani ya boksi lake. Waaustralia wanalalamika, refa akapeta. Ulimsikia akisema "jamani, nimedaka"?

Swali_Moja: Mleta mada, tuta linaumiza timu nzima. Mbona unamtafuta beki peke yake? Alifanywa nini?

Winga_Kushoto: Alilimwa nyekundu. Fainali wangekosa wote, sawa, ila yeye anaanza msimu ujao na adhabu. Lakini naye alinivuta jezi mechi nzima, hilo hamulisemi. Na kocha kasema ripoti ikishakwenda imekwenda. Ujumbe nimeshauandika, bado kuutuma tu.

VAR_ya_Mtaani: Hii chai. Tangu 2016, beki akigombea mpira akakuangusha ndani ya boksi na penalti ikatolewa, hata kama ulikuwa unakwenda kufunga, anapewa njano. Nyekundu imetoka wapi? Wasimamizi, fungeni uzi.

Kapeto: 😂😂 Na mimi nilishaanza kumwonea huruma beki wa kutungwa.

Dada_Nidhamu: Nilijua. Winga gani anakumbuka dakika.

Winga_Kushoto: Si chai. Nilishika uso. Hakunigusa hata unywele, ila nilipiga yowe nikaziba jicho, refa akajua nimepigwa kiwiko.

VAR_ya_Mtaani: Aah. Basi nyekundu inaingia.

Swali_Moja: Kwenye huo ujumbe umeandika "pole" au "samahani"?

Winga_Kushoto: Pole.

Mzee_wa_Benchi: Mimi aliyenivunja hakunipa hata hiyo.