Naomba ushauri: je, binadamu ajaribu kuizuia volkano kuu isilipuke?

Neema_wa_Majengo (Goma)

Ndugu zangu, salamu kutoka Goma. Ninajitolea kwenye kamati ya mtaa inayowafundisha watu kujikinga na volkano: maana ya bendera za rangi, njia za kukimbilia, nini cha kubeba na nini cha kuacha. Maswali huwa ni yaleyale. Safari hii kijana mmoja anayejiandaa kwa mtihani wa Serikali alisimama akasema ameona video inayoeleza kuwa Marekani kuna volkano kuu, yaani ya mlipuko mkubwa kupita zote, inayoitwa Yellowstone, na kwamba mtaalamu wa NASA, shirika lao la anga za juu, alipendekeza itobolewe na kupozwa kwa maji ili isilipuke tena. Akauliza: "Kama hilo linawezekana, mbona sisi tunafundishwa kukimbia tu?"

Vijana wote wakampigia makofi. Mzee mmoja akasema mlima haustahili kuchokozwa, Mungu ndiye aliyeuweka. Zogo likawa kubwa, tukaahirisha mpaka Jumamosi.

Nyumba ya wazazi wangu ilifunikwa na lava ya Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, mwaka 2002. Ya sasa imejengwa juu ya lava ileile, na hata ukuta wa uani ni mawe yake. Kwa hiyo sitaki kumjibu mtoto huyu kwa maneno mepesi. Naombeni mnisaidie: ni busara binadamu kujaribu kuzuia mlipuko wa namna hiyo? Na kuhusu Nyiragongo nimwambie nini?

FundiKatanga (Lubumbashi)

Dada Neema, pole na hongera kwa kazi hiyo. Mimi kazi yangu ni kuchoronga miamba, basi nianze na shimo lenyewe.

Video haikumdanganya. Mwaka 2017 Brian Wilcox wa NASA alilieleza wazo hilo. Joto nyingi la Yellowstone, kama asilimia 60 hadi 70, hutoka lenyewe kupitia maji yanayopenya kwenye nyufa za mwamba. Linalobaki ndilo hujilimbikiza. Alipendekeza kuchoronga hadi kilomita 10 kwenda chini, kusukuma maji kwa shinikizo kubwa, yatoke na joto la nyuzi 350 hivi, yazungushe mitambo ya umeme. Gharama aliikadiria kuwa dola bilioni 3.46, na sehemu ya fedha ingerudi kwa kuuza umeme.

Sasa vikwazo. Shimo la Kola kule Urusi lilianza kuchorongwa mwaka 1970, likafika mita 12,262 mwaka 1989. Chini kule joto lilikuwa nyuzi 180 tu, na tayari mwamba ulikuwa umeanza kulainika na kuwashinda. Yellowstone ni moto zaidi ya hapo kwa mbali. Halafu muda: kuipoza ni kazi ya maelfu ya miaka, na Wilcox mwenyewe hakuficha kwamba anayeanza hawezi kuhakikishiwa kama itafaulu. Tena ukichoronga kutokea juu unaweza kulidhoofisha paa linaloizuia gesi, ndiyo maana yeye alitaka waingilie pembeni, kwa chini. Wewe unayepikia makala (makaa) unajua: ukinyunyiza maji juu ya jiko, makala ya juu yanazima na ya chini yanaendelea kuwaka.

Ushauri wangu: mwambie wazo ni la mtu makini, lakini lisiwe mpango wa kutegemewa na vizazi vilivyo hai sasa.

Mvuke_wa_Naivasha (Kenya)

Fundi, nakuheshimu, ila naona umefunga mlango mapema mno. Watu huogopa kuwa ukitoboa karibu na magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, basi mlima unalipuka. Mwaka 2009 kule Krafla, Iceland, walikuwa wakitafuta mvuke wakakutana na magma yenyewe kwenye kina cha kilomita 2.1. Mlima haukulipuka. Hapa kwetu Menengai, juu ya mji wa Nakuru, ambayo nayo ni kaldera, yaani bonde kubwa linalobaki volkano ikibomoka, wachorongaji wameleta juu vipande vya kioo cha volkano kutoka kilomita 2 hivi, dalili kwamba magma iko jirani. Nchi yetu inapata karibu nusu ya umeme wake kutokana na mvuke wa ardhini.

Sisemi visima hivyo vimeupoza mlima wowote. Joto tunalolitoa ni dogo sana ukilinganisha na lililoko chini. Ninachosema ni kwamba kila kisima kinatufundisha kitu kuhusu magma ambacho hakuna kifaa cha juu kinachoweza kutufundisha. Tukiacha kabisa, watakaoishi miaka elfu ijayo wataanza sifuri. Mimi ningemwambia kijana asome uhandisi wa jotoardhi, aje tufanye kazi.

Mwalimu_wa_Jiografia (Mwanza)

Wakuu, kabla ya kubishana tuitoe hofu ya video. Milipuko mikubwa ya Yellowstone ni mitatu: wa miaka kama milioni 2.1 iliyopita, wa milioni 1.3, na wa 640,000 hivi. Wanajiolojia wa Serikali ya Marekani wanakadiria kwamba uwezekano wa kutokea mwingine ni kama 1 kati ya 730,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya hazina ya magma kule chini imeganda. Anayesema kwamba "muda wake umepita" anasema uongo, volkano haina ratiba.

Toba ya Indonesia ililipuka miaka kama 74,000 iliyopita, na chembe za majivu yake zimekutwa hata kwenye tope la chini la Ziwa Malawi. Tope hilohilo halionyeshi baridi kali ya kuangamiza ambayo wengi waliidhania kwa upande wetu wa dunia.

Kinachonihangaisha mimi ni milipuko iliyo midogo kuliko hiyo. Tambora ya mwaka 1815 haikuwa volkano kuu, lakini mwaka uliofuata Ulaya na Amerika Kaskazini zilikosa kiangazi, mazao yakaharibika na njaa ikaingia. Mlipuko kama huo una nafasi kubwa zaidi ya kuwakuta watoto wetu. Fedha za kuchoronga kilomita 10 zingejenga maghala ya nafaka mengi sana.

Kuna pia suala la haki, dada Neema, na hilo vijana wataliuliza. Majivu hayatambui mpaka wa nchi. Taifa moja likiamua kutoboa na mambo yakaharibika, nani atawafidia waliopoteza mavuno bara jingine? Karibu na Napoli, Italia, kwenye Campi Flegrei, kama watu nusu milioni wanaishi ndani ya eneo la hatari. Mradi wa utafiti wa kuchoronga pale ulipingwa vikali kabla ya shimo la majaribio la mita 500 hivi kuchorongwa mwaka 2012. Wakazi wana haki ya kusema hapana.

Kijana_wa_Buhene (Goma)

Yaya Neema, mimi nitaongea kama mtu wa Buhene. Tarehe 22 Mei 2021 ilikuwa Jumamosi. Jioni mbingu ikawa nyekundu, watu wakatoka na magodoro kichwani, wengine wamepakia mbuzi na sufuria kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma. Barabara ya Rutshuru ikakatwa. Lava ikasimama huku kwetu, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Watafiti walipochunguza baadaye walikuta kwamba dalili zisizo na shaka zilijitokeza dakika kama 40 tu kabla.

Dakika 40! Mimi nilidhani vifaa vikiwa vingi tutaambiwa siku mbili mapema. Kwa mlima wetu haikuwa hivyo. Kwa hiyo anayesema fedha zote ziende kwenye vifaa naye asikie: vifaa tunavitaka, na watu wa kituo cha uchunguzi wa volkano hapa Goma walipwe vizuri wasiache kazi, lakini barabara za kutokea nazo zipanuliwe. Tarehe 27 Mei ilipotangazwa kuwa mitaa kumi ihame, barabara ya Sake ilijaa mpaka mtu wa miguu akawa anampita mwenye gari.

Neema_wa_Majengo (Goma)

Asanteni sana. Kijana wa Buhene, ile asubuhi ya Sake naikumbuka, nilikuwa nimembeba mama ya jirani kwenye moto (pikipiki) ya kaka yangu.

Lakini naona jibu linaelekea kwamba hakuna kinachozuilika. Nikisema hivyo Jumamosi, vijana watakata tamaa. Ni kweli hakuna?

Mwanaziwa (Bukavu)

Mama Neema, kipo, tena kiko mbele ya mlango wako.

Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos kule Kamerun lilitoa gesi ya kaboni usiku, ikateremka mabondeni ikaua watu kama 1,700 pamoja na ng'ombe wao. Ile gesi ilitoka kwenye magma chini ya ziwa, ikajikusanya majini miaka mingi. Mwaka 2001 wakaweka bomba la kudumu hadi chini ya ziwa. Maji ya kwanza yakivutwa, gesi inapanuka na kuyapandisha mengine yenyewe, bila pampu, yanaruka juu kama mnara. Gesi inatoka kidogokidogo mchana na usiku. Huo ni msiba wa volkano ambao binadamu ameuzuia kwa mikono yake.

Sisi tuna Kivu. Ndani yake kuna gesi ya kaboni kama kilomita 300 za ujazo na methani kama 60. Upande wa Rwanda, karibu na Kibuye, mtambo wa KivuWatt unavuta methani na kutoa megawati 26 za umeme. Kwenye ghuba ya Kabuno, upande wa Minova, gesi ya kaboni iko karibu zaidi na uso wa maji kuliko kwingine kote ziwani. Na mazuku, ile gesi ya kaboni inayotuama mabondeni, mnayajua, yanaua watoto na mbuzi kwenye mabonde ya Mugunga bila mlima kulipuka. Kijana mwenye hamu ya kutoboa, mwonyesheni Kabuno.

Mfano wa pili ni mlima Kelud, Java. Mwaka 1919 ulilipuka, ziwa la kreta, yaani la kwenye mdomo wa mlima, likamwagika na tope likaua watu kama 5,000. Wakachimba mahandaki kulipunguza maji. Mlipuko wa 1951 haukuleta tope la namna ile, ila uliyaharibu mahandaki, maji yakajaa upya, na mwaka 1966 watu wakafa tena. Wakachimba mengine. Mjue basi kwamba kazi hii haimalizwi mara moja, inatakiwa mlinzi na bajeti kila mwaka.

Upeleke pia kipimo hiki kwenye mkutano. Mlipuko wa volkano kuu unarusha angalau kilomita 1,000 za ujazo wa mawe na majivu, yaani Ziwa Kivu lote mara mbili. Lava iliyoikata Goma mwaka 2002 haikufika hata sehemu ya kumi ya kilomita moja.

FundiKatanga (Lubumbashi)

Mwanaziwa amenisaidia kusema nilichokuwa nakitafuta. Nyos na Kelud walitoa kitu ambacho bomba na handaki vinaweza kukimaliza: gesi ya ziwa moja, maji ya kreta moja. Pale hesabu inakubali. Yellowstone hesabu inakataa. Mvuke, ndugu yangu, utafiti wa Krafla nakubaliana nawe uendelee, tena uchangiwe na mataifa mengi.

Kwa Nyiragongo sikushauri kabisa. Si volkano kuu, lava yake ni nyepesi mno, inakimbia kama maji, na nyufa zake zinafunguka ubavuni hadi kwenye makazi. Hakuna shimo litakaloziba hayo.

Neema_wa_Majengo (Goma)

Sasa nina la kusema. Nitamwambia swali lake ni zuri na nitamtaja Wilcox kwa jina, ajue hakudanganyika. Nitampa hesabu ya Ziwa Kivu mara mbili aifanye mwenyewe ubaoni. Halafu nitawaomba vijana tuandike barua moja kwa wakuu wa jimbo, yenye mambo mawili: gesi ya Kabuno na barabara ya Sake. Mzee wetu nitamwomba awe wa kwanza kutia sahihi, maana kutoa gesi ziwani hakumchokozi mtu.

Muuguzi_mstaafu (Goma, Himbi)

Binti yangu, ongeza moja kwenye mafunzo, barua isiwasahaulishe. Mwaka 2002 watu waliungua kwenye kituo cha mafuta kilicholipuka walipokwenda kuchota, siku chache baada ya lava kupita. Mwaka 2021 wapo waliokufa wakivuka lava iliyoonekana imeganda: juu nyeusi, chini moto, na gesi inatoka kwenye nyufa. Waambie vijana wasivuke mpaka wataalamu waruhusu, hata kama nyumbani panaonekana kwa macho. Nitakuja Jumamosi nieleze mwenyewe namna ya kumhudumia aliyeungua, mnitafutie tu kiti karibu na mlango.