Naombeni ushauri: nipande nini mbele ya nyumba, ukuta ufunikwe haraka?

Kwetu Kivulini (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina kieneo mbele ya nyumba, mita nne hivi kutoka ukutani hadi getini. Ni udongo mtupu na mti mmoja mkubwa wa kivuli niliokuta umeshapandwa. Asubuhi ukifungua mlango jua linakupiga usoni, jioni ndiyo balaa, mlango unachomeka mpaka rangi imebabuka. Nataka kitu cha kupanda ukutani, chenye majani mengi. Maua ya kudekeza sitaki. Kipi kinakua haraka?

Kokoto
Mwaga kokoto, tandika vitofali, maliza kazi. Mimi nilipanda nyasi chini ya mti mara tatu na zikafa mara tatu. Nikamwagilia, nikaweka samadi, nikagombana na shamba boy. Kumbe nyasi zile zinataka jua saa sita kwa siku, na pale lilikuwa linachungulia saa moja tu. Leo nafagia kokoto na nina amani.

Asumini
Ukitandika vitofali mbele kote bila mwinamo, mvua yote itakuja kubisha hodi mlangoni. Mleta mada, weka bogenvilia pembeni ya geti. Zile rangi unazoziona siyo maua, ni majani. Ua lenyewe ni kale kadude keupe katikati. Na usiinyweshe sana, itakutolea majani tu. Iache ione kiu kidogo, ndiyo inachanua. Ukutani panga oleanda za pinki, utanishukuru.

Mama Mapacha
Oleanda jamani! Jani sumu, ua sumu, kijiti sumu, hata ukichoma matawi moshi wake ni sumu. Umemuuliza kama ana watoto? Watu siku hizi tunapanda rangi, hatupandi mmea.

Fundi Mstaafu
Mimi nina swali moja. Kwa nini ukuta ufunikwe, na kwa nini haraka?

Kwetu Kivulini
Urembo tu mzee wangu.

Fundi Mstaafu
Kwa urembo mtu anafunika kona. Wewe unataka ukuta mzima. Kuna nini hapo?

Sina Haraka
Nimevuta kiti, nipo pale.

Kwetu Kivulini
Haya, nisifiche. Kuna kaufa. Kameanzia kwenye pembe ya dirisha, kanashuka ngazi ngazi kwa kufuata maungio ya matofali. Sarafu ukiisimamisha inaingia. Nimeziba mara mbili, kamerudi palepale. Mwezi ujao kuna mtu anakuja kuiangalia nyumba, anataka kununua. Lakini nyumba ni imara, nimekaa humo miaka saba! Na miche nimeshanunua, fikasi ya kutambaa, ishirini, iko kwenye ndoo mbili hapa barazani. Mashimo yameshachimbwa, shubiri moja kutoka ukutani. Kwa hiyo wakuu tujadili miche, ufa tuuache.

Sina Haraka
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuupandia majani hawakuwaza kabisa 😂

Mama Mapacha
Yaani unamuuzia mwenzio ufa umeuvisha nguo. Anahamia na watoto wake, anapanga kitanda chini ya dirisha hilohilo. Utalala?

Kwetu Kivulini
Mama, sijasema nitamdanganya. Akiuliza nitamwambia.

Fundi Mstaafu
Hata kwa hila yako haitafanya kazi. Mmea wa kutambaa mwaka wa kwanza unajenga mizizi, mwezi mmoja hautafunika hata kopo. Halafu fikasi hiyo inajishika kwa vijizizi vyake yenyewe. Siku ukiibandua inaondoka na rangi na vipande vya plasta, na kwenye ufa inapenyeza humohumo. Ungetaka cha kutambaa, ungechagua kinachojisokota kwenye waya, waya ukae mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite.

Sasa huo mti wa kivuli. Uko mita ngapi kutoka ukutani? Udongo wako kiangazi unapasuka?

Kwetu Kivulini
Mita mbili na nusu. Unapasuka, kidole kinaingia. Basi nitaukata kesho.

Fundi Mstaafu
Usiukate! Udongo wa mfinyanzi ukikauka unasinyaa, ukilowa unavimba. Mti ukinyonya maji upande mmoja, msingi unashuka upande huo, ndiyo hizo ngazi zako. Ukiukata ghafla, udongo unarudi kulowa na kuvimba, na unaweza kuinua ulichoona kimeshuka. Mwite mtu wa misingi aone kwanza. Ila usiuhukumu mti peke yake, bomba linalovuja chini ya ardhi nalo linashusha msingi.

Kokoto
Mizizi usiifanyie mchezo. Kwangu maji taka yaligoma siku mbili, fundi akafunua chemba, akavuta kitu kama mkia wa farasi, cheusi, kirefu kuliko yeye. Kilikuwa kimeingilia kwenye kiungo cha bomba, upenyo wa kupitisha sindano. Kile kinuko bado kiko kichwani.

Nusu Ukweli
Samahani nawaharibia, ila hii ni CHAI. Someni post ya kwanza. Asubuhi jua linampiga usoni mlangoni. Jioni mlango huohuo unachomeka mpaka rangi inababuka. Nyumba inazunguka kama feni? Mtu katunga, nanyi mnampa elimu ya msingi na mizizi.

Sina Haraka
Weee! Chai ya rangi hii, haina hata maziwa.

Asumini
Na mimi nilikuwa nishaanza kumwonea huruma. Mleta mada, jitokeze.

Kwetu Kivulini
Jamani. Nyumba inatazama machweo. Nyumba ya ng'ambo imefunga vioo vya giza ukuta mzima, asubuhi jua linagonga kule linanirudia mimi. Mnataka nilete hati ya jirani?

Fundi Mstaafu
Hilo linawezekana. Na joto la vioo linaunguza mimea kama jua lenyewe, kwa hiyo laini usiweke hapo.

Nusu Ukweli
Picha ya ufa, na sarafu ndani yake. Bila hiyo mimi sitoki kwenye chai.

Fundi Mstaafu
Kabla ya picha, chukua penseli. Weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa, andika tarehe ukutani, pima upana wake sehemu pana zaidi. Rudia kila wiki.

Kwetu Kivulini
Nimeweka alama. Upana ni milimita nne na nusu. Ila ncha ya chini sijaiona, imeingia kwenye udongo niliojaza mwaka jana kutengeneza bustani. Nimechimbua kidogo kwa mkono, bado inaendelea kushuka. Picha nitaleta kukicha. Miche nimeimwagilia, iko kwenye ndoo.