Mjadala: Je, jina Kefa linamaliza ubishi juu ya "mwamba" wa Mathayo 16:18?

Mtoa mada: Ndugu wanajamvi, naomba tulijadili jina ambalo wengi wetu hulipita haraka tusomapo Agano Jipya. Katika Yohana 1:42 Yesu anamtazama Simoni na kumwambia, "nawe utaitwa Kefa". Biblia ya Union Version inaeleza papo hapo kwamba tafsiri yake ni Petro, au Jiwe. Habari Njema inasema ni Petro, yaani Mwamba. Wakatoliki na Waprotestanti wamevutana kwa karne nyingi juu ya jambo hilo hilo wanapofika Mathayo 16:18: "Wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu".

Hoja inayosikika sana mahubirini ni kwamba Kigiriki kina maneno mawili pale, petros kwa jiwe dogo na petra kwa mwamba, na kwa hiyo Petro siye anayetajwa. Mimi ni Mlutheri, na hoja hiyo naiona dhaifu. Kefa ni neno la Kiaramu, lugha waliyoizungumza Yesu na Simoni, na katika lugha hiyo neno ni lile lile pande zote mbili za sentensi. Wala si kijiwe cha kurushia ndege: tafsiri ya kale ya Kiaramu ya kitabu cha Ayubu, iliyopatikana katika mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, inalitumia kwa majabali wanakozalia mbuzi-mwitu (Ayubu 39:1). Kigiriki kiligeuza mwisho wa neno kwa sababu petra lina jinsi ya kike, nalo lisingemfaa mwanamume. Paulo, ambaye nyaraka zake zinaaminika kuzitangulia Injili, anamwita Kefa karibu kila anapomtaja.

Msimamo wangu, basi, ni kwamba mwamba wa aya hiyo ni Petro mwenyewe. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ya kulihamishia jina hilo kwa askofu wa Roma, yaani Papa, na warithi wake wote, kama ulivyofundisha Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano mwaka 1870. Hata Oscar Cullmann, mwanateolojia wa Kilutheri, alikubali la kwanza na kulikataa la pili.

Mchangiaji wa kwanza: Kwa heshima, ndugu mtoa mada, umeegemea maneno ya Kiaramu ambayo hakuna aliyewahi kuyashika mkononi, kwa maana Mathayo tuliye naye ni wa Kigiriki. Na kama unataka Kiaramu, fungua Peshita, Biblia ya makanisa ya Kishamu, ambayo inasema "wewe ndiwe Kefa" kwa kiwakilishi cha kiume, kisha "juu ya kefa hii" kwa kiwakilishi cha kike. Si dalili kwamba vinazungumzwa vitu viwili? Hata kati ya mababa wa Kanisa la kale, Yohane Krisostomo aliuona mwamba huo kuwa imani iliyokiriwa na Petro, na Augustino, aliyewahi kufundisha kwamba ni Petro, uzeeni aliona afadhali kusema ni Kristo.

Mchangiaji wa pili: Mimi ni Mkatoliki, na nashukuru kuona Mlutheri ametufikisha nusu ya safari. Nusu iliyobaki imo katika aya ya 19, Yesu anapomwahidi Petro funguo za ufalme wa mbinguni na mamlaka ya kufunga na kufungua. Someni Isaya 22, Shebna anapoondolewa katika usimamizi wa nyumba ya mfalme na Eliakimu akapewa ufunguo wa nyumba ya Daudi. Kile kilikuwa cheo, na cheo hakifi na mwenye cheo.

Mtoa mada: Nianze na Peshita, maana hoja hiyo imenifurahisha. Injili za Peshita zilitafsiriwa kutoka Kigiriki, kwa hiyo haziwezi kutuambia Yesu alitamka nini. Zinachotuonyesha ni kwamba mfasiri mwenye neno moja tu mkononi alilazimika kulipatanisha kwa namna mbili, kwa kuwa jina la mwanamume huchukua jinsi ya kiume na jiwe la kawaida huchukua ya kike. Ikiwa sarufi peke yake inatosha kuleta tofauti hiyo pale, kwa nini petros na petra watulazimishe kuona miamba miwili? Kuhusu Augustino, ni haki kuongeza kwamba alimwachia msomaji achague mwenyewe.

Hoja ya Isaya ni nzito kuliko ile ya jina, na laiti watetezi wa upapa wangeanzia hapo. Hata hivyo, mamlaka ya kufunga na kufungua yanarudiwa katika Mathayo 18:18 kwa wanafunzi wote. Zaidi ya hayo, Wagalatia 2:11 inasimulia kwamba Kefa alipofika Antiokia, Paulo alipingana naye uso kwa uso kwa kuwa alistahili hukumu. Ndugu yangu Mkatoliki, ukisoma funguo zile kuwa cheo cha usimamizi wa nyumba nzima, tukio hilo unalielezaje?