Kuthamini dabo besi ya kale ya Italia: fundi, mnada au pete za mti?

kigingi_cha_nne: Wadau, kuna dabo besi (ala kubwa kuliko zote za jamii ya fidla) ya nyuzi nne inauzwa London. Lebo ya ndani inamtaja fundi Carlo Antonio Testore, Milano, 1740. Mgongo ni bapa, wa mti wa popla, na uzi toka nati (kipande cha juu ya shingo uzi unapoegemea) hadi daraja (kibao kinachoinua nyuzi juu ya uso) ni sm 107. Naona njia tatu: fundi wa ala aandike ripoti, mtaalamu wa mnada aitazame, au pete za mti zipimwe ili kujua umri wa mbao. Ipi itangulie?

Gundi_ya_Ngozi: Fundi. Lebo usiitegemee hata kidogo, maana karatasi hubandikwa wakati wowote, na besi nyingi za Ujerumani na Tirol (eneo la milima ya Alpi) zimeuzwa kwa majina ya Kiitalia. Popla haikuharibii hoja, Waitalia waliitumia sana. Mwambie apitishe kamera ndogo kwenye tundu la f, atafute ufa penye nguzo ya sauti (kijiti cha ndani kinachosimama kati ya uso na mgongo). Ufa wa hapo ukiwa mgongoni hushusha thamani kuliko wa usoni. Na mgongo bapa una mihimili ya ndani iliyokingama na nyuzi za mbao: unyevu ukibadilika mgongo hupanuka na kusinyaa, mihimili haifuati, basi gundi huachia au mbao hupasuka. Agonge polepole kwa kifundo cha kidole, palipoachia patatoa mlio mkavu wa kutetemeka.

Mabega_Mapana: Naongeza: ahesabu matundu ya vigingi vya kukazia nyuzi, hasa yaliyozibwa, maana yanaonyesha idadi ya nyuzi ilibadilishwa. Besi nyingi za kale zilikuwa za nyuzi tatu, hata Testore ya 1716 aliyoipiga Bottesini, mpiga besi maarufu wa Italia wa karne ya 19. Kisha atazame mabega. Mistari ya pambo la ukingoni ikikatika ghafla karibu na shingo, au mbavu za juu zikiwa na maungio mapya, ujue besi imekatwa ikapunguzwa ukubwa. Kwenye fidla hilo ni pigo kubwa. Kwenye besi, kazi ikiwa safi, wapigaji wengi huipenda zaidi kwa sababu mkono unafika. Uzi wa sm 107 unapigika. Ikipita 110 wanunuzi wanapungua.

PeteZaMti: Kipimo changu, cha pete za mti, kinaumbua uongo vizuri kuliko kinavyothibitisha ukweli. Kinatoa mwaka wa pete changa kabisa inayoonekana kwenye sprusi ya uso, hakimtaji fundi. Besi ya Koussevitzky, mpiga besi na kiongozi wa okestra, ilidaiwa kuwa ya mafundi wa ukoo wa Amati wa Italia, ya 1611, pete zikaonyesha mti wa karne ya 18. Sprusi ya besi mara nyingi ina pete pana na vipande vingi, kwa hiyo huenda pete zisitoshe. Na kama uso ulibadilishwa, unapima uso mpya tu. Piga picha pande zote mbili za uso, na rula ionekane.

kigingi_cha_nne: Basi mnada uje mwisho?

Nyundo_Tatu: Kwa bei, ndiyo. Lakini uliza ni bei ipi: ya mnada, ya duka au ya bima. Ya bima ndiyo kubwa, na wauzaji hupenda kuitaja hiyo. Kwenye mnada ongeza ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, yaani bei ambayo mnada umefungia. Cheti kinachomtaja mtengenezaji nacho ni maoni, kwa hiyo tazama nani amesaini na kama wauzaji wengine wanamkubali. Kama besi imetoka Italia karibuni, dai karatasi za kuisafirisha nje. Na upinde ukiwa na pembe ya ndovu, uthaminiwe peke yake na usivuke mpaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.