Sunil Dutt na Amitabh waliingia bungeni pamoja: mbona mmoja alidumu na mwingine akatoka mapema?

Pazia Jekundu
Wakuu, naomba ufafanuzi. Waigizaji wa filamu za Kihindi Sunil Dutt na Amitabh Bachchan wote waliingia Lok Sabha, baraza la chini la bunge la India, kwa uchaguzi ule ule wa Desemba 1984, tena kwa tiketi ya chama cha Congress. Dutt kafariki 2005 akiwa waziri, Amitabh aliaga siasa 1987. Kwa umaarufu wa siku zile, Amitabh alikuwa juu zaidi. Nini kiliwatofautisha? Na ni kweli Dutt alishinda mara tano mfululizo?

Fundi Projekta
Mara tano ni kweli, hilo neno "mfululizo" ndilo linaloharibu. Jimbo lake la uchaguzi lilikuwa Bombay Kaskazini-Magharibi. Alishinda 1984, 1989 na 1991, kisha 1999 na 2004. Mwaka 1996 na 1998 hakugombea, kiti kikachukuliwa na Madhukar Sirpotdar wa chama cha Shiv Sena, na ndiye huyo huyo Dutt aliyemwangusha aliporudi 1999. Watu huona 1984 na 2004 wakajaza katikati wenyewe.

Ushindi wa 1984 usiutumie kupima nguvu ya mtu. Waziri Mkuu Indira Gandhi aliuawa 31 Oktoba, kura zikapigwa msiba ukiwa bado mbichi, Congress ikazoa viti zaidi ya 400. Kule Allahabad Amitabh alimbwaga H. N. Bahuguna, waziri kiongozi wa zamani wa Uttar Pradesh, kwa tofauti ya kura zaidi ya 187,000. Dutt naye alimtoa Ram Jethmalani, wakili mwenye jina kubwa aliyekishika kiti hicho tangu 1977. Upepo ulikuwa mmoja.

Kipimo ni 1989. Congress ilipoteza serikali, Waziri Mkuu Rajiv Gandhi, mwanawe Indira, akaondoka madarakani, Dutt akabaki na kiti chake. Hapo hapakuwa tena na kura ya msiba.

Bi Mkasi
Naongezea kwa Fundi. Dutt alikuwa na kazi ya jamii muda mrefu kabla ya tiketi. Baada ya vita vya 1962 na China, yeye na mkewe Nargis waliunda kundi la wasanii chini ya kampuni yao ya Ajanta Arts, wakawa wanakwenda kuwatumbuiza askari mipakani. Nargis alifariki kwa saratani ya kongosho 3 Mei 1981, siku chache tu kabla ya filamu ya kwanza ya mtoto wao Sanjay kuonyeshwa. Usiku wa uzinduzi kiti kimoja kiliachwa wazi kwa ajili yake. Baadaye Dutt akaanzisha mfuko wa saratani kwa jina la marehemu. Kwa hiyo alipoomba kura, watu walishamzoea nje ya skrini.

Halafu kuna ule mwendo wa miguu wa 1987, ambao wengi huutaja kwa sentensi moja wakapita. Punjab, kaskazini mwa India, ilikuwa inawaka moto wa vurugu. Dutt, karibu miaka 58, alitoka Bombay kwa miguu na binti yake Priya hadi Hekalu la Dhahabu la Masingasinga, mjini Amritsar huko Punjab: kilomita kama 2,000, siku 78. Gawanya mwenyewe, ni zaidi ya kilomita 25 kila siku, bila kuhesabu siku za kupumzika. Na Amritsar hakuna mpiga kura wake hata mmoja. Mwaka huo huo ndio Amitabh aliachia ngazi.

Pazia Jekundu
Asante sana, Bi Mkasi. Ila kuna mahali nimesoma kwamba alikuwa Sherifu wa Bombay, na pengine kwamba aliingia kwanza Rajya Sabha. Lipi ni lipi?

Fundi Projekta
Usherifu alipewa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Usiufikirie kwa macho ya filamu za kauboi: kwa Bombay kilikuwa cheo cha heshima, cha mwaka mmoja, hakikuwa na polisi wala bunduki.

Rajya Sabha ni Nargis. Aliteuliwa 1980, akafariki akiwa bado mjumbe. Baraza hilo la juu lina nafasi 12 anazojaza Rais kwa watu wa sanaa, fasihi, sayansi na huduma za jamii, hawapigiwi kura na mtu. Sunil alipita Lok Sabha tu, kwa sanduku la kura. Ukiona mwigizaji kaitwa "mbunge", uliza kwanza ni wa baraza gani na aliingiaje, utaepuka nusu ya makosa.

Kijiko cha Chumvi
Upande wa Amitabh msimwonee. Alizaliwa Allahabad, lakini kazi na maisha yake yalikuwa Bombay, na kilichomwingiza siasa ni urafiki wa familia yake na akina Gandhi. Kashfa ya rushwa katika ununuzi wa mizinga ya Bofors kutoka Sweden ilipolipuka 1987, waliomlenga Rajiv walimlenga na yeye. Alijiuzulu Julai 1987. Uchaguzi mdogo wa 1988 ukachukuliwa na V. P. Singh, aliyetoka kugombana na Rajiv, na mwaka uliofuata akawa waziri mkuu. Mwaka 2012 mkuu wa zamani wa polisi wa Sweden aliyeichunguza kesi ile alisema hapakuwa na ushahidi wowote dhidi ya Bachchan. Miaka 25 baadaye, ubunge wenyewe umeshasahaulika.

Na mkitaka stelingi aliyekosa kwa unyoya, huyo ni Rajesh Khanna. New Delhi 1991 alipigwa na L. K. Advani wa chama cha BJP kwa kura 1,589. Advani alikuwa amegombea pia Gandhinagar, akashinda kote kuwili, na sheria inamtaka mtu abaki na kiti kimoja. Akaachia New Delhi. Khanna akarudi uchaguzi mdogo wa 1992, akamshinda mwigizaji mwenzake Shatrughan Sinha.

Bi Mkasi
Pazia, jihadhari na mwisho wa habari ya Dutt. Mei 2004 Waziri Mkuu Manmohan Singh alimpa wizara ya vijana na michezo, akafariki nyumbani kwake Bandra 25 Mei 2005. Novemba mwaka huo Priya alishinda uchaguzi mdogo wa kujaza kiti cha baba yake. Lakini mipaka ikachorwa upya 2008, na 2009 aligombea Mumbai (jina jipya la Bombay) Kaskazini-Kati, akashinda. Ukiandika kwamba aliendelea na jimbo lile lile la baba, utasahihishwa.