MREJESHO: Kazi za wanafunzi na akili mnemba

Habari zenu wakuu. Mwanzoni mwa muhula niliuliza nifanyeje, maana insha za nyumbani za kozi yangu ya masoko zilikuwa zinaandikwa na ChatGPT, darasa zima lugha moja. Asanteni sana kwa majibu.

Aliyenikataza kutegemea programu za kugundua maandishi ya mashine, Mungu ambariki. Hata OpenAI, wenye ChatGPT yenyewe, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa kukosa usahihi. Ningeweza kumwonea mtoto wa watu.

Nilifuata ushauri wa kuwatuma sokoni. Kila mwanafunzi alichagua muuza mitumba au mama lishe mmoja, akafuatilia bei na mauzo yake wiki nzima, akaleta daftari la mkono pamoja na ripoti, kisha dakika 5 za kujieleza mbele yangu. Akili mnemba niliruhusu kwa kunyoosha lugha, mradi aseme alipoitumia. Tofauti nimeiona! Binti mmoja, mkimya siku zote, alinichambulia kwa nini belo la bei ghali lilimtia muuzaji hasara, nikabaki namsikiliza tu.

Kilichogoma ni idadi. Darasa la watu zaidi ya mia halimalizwi kwa dakika tano tano. Wengine walijieleza kwa makundi, na humo wapo waliobebwa. Mtihani wa mwisho nao umebaki vilevile, idara haijaridhia. Muhula ujao kwenye makundi nitamteua mimi wa kujibu, papo hapo. Mwenye darasa dogo aanze na mahojiano moja kwa moja, yanafanya kazi.